Mkono wa Baba



Nina masuali mawili nataka kukuuliza, nawe yajibu moyoni mwako, hapana haja ya kumwambia mtu. Mtoto wako akiumia, akajikwaa kizingitini au akapigwa na mwenziwe uwanjani, hukimbilia kwa nani? Na akivunja kitu, humficha nani?

Katika nyumba zetu za pwani jawabu ya suali la kwanza ni mama, au bibi, au shangazi, au dada mkubwa. Jawabu ya suali la pili, katika nyumba nyingi nizijuazo, ni baba. Tumegawana malezi kama watu wagawanavyo mali ya shirika: mama kapewa mapaja, bibi kapewa hadithi za usiku, mwalimu wa chuo kapewa alifu na bakora, na baba kapewa khofu. Mama akishindwa na mtoto mchana husema, "Ngoja baba'ko arudi!" Basi baba yule, ambaye pengine yuko dukani kwake hana khabari na lolote, ameshageuzwa zimwi kabla hajavua viatu. Kikohozi chake kikisikiwa mlangoni, watoto waliokuwa wakicheka hunyamaza. Nasi ule unyamavu tunauita adabu.

Mimi sioni kuwa ni adabu. Nataka nikueleze kwa nini, na maelezo yangu yataanzia mbali na bahari, huko Karatu na Ngorongoro, ambako biashara ya vitunguu imenipeleka kwa miaka mingi.

Anayetoka kwetu Tanga huipita Moshi na Arusha, akafika Makuyuni, akashika njia ya Mto wa Mbu, kisha gari hupanda ule ukuta mkubwa wa Bonde la Ufa mpaka Ziwa Manyara likaonekana chini kama sahani. Huko juu ndiko Karatu, mji wa udongo mwekundu na baridi ya kufunga mikono. Wenyeji wake wengi ni Wairaqw, ambao zamani tulizoea kuwaita Wambulu, wakulima hodari wa ngano, mahindi na mbaazi. Ukiendelea na barabara utafika lango la Ngorongoro. Lakini mnunuzi wa vitunguu hushuka upande mwengine, kwenye vumbi na joto, mpaka Mang'ola karibu na Ziwa Eyasi, ambako maji ya chemchemi hunywesha mashamba. Kijiji kimoja cha huko huitwa Barazani. Nilipolisikia jina lile mara ya kwanza nilijihisi kama niko kwetu. Ila baraza ya huko hukusanya watu ambao si rahisi kuwakuta pamoja pahali pengine: Wairaqw, Wadatoga ambao ni wafugaji, watu wa makabila mengi na Waswahili waliofuata vitunguu kama mimi, na Wahadzabe, ambao huishi kwa kuwinda na kuchuma vya porini. Hao Wahadzabe hawafiki hata elfu mbili, na lugha yao haijapatikana jamaa yake popote duniani.

Najua wako miongoni mwetu ambao wakisikia watu wa porini hukunja uso, wakasema, huyu anataka tujifunze nini kwa watu wasiokuwa na hata sanduku la nguo? Nawaomba wanivumilie kidogo.

Chakula cha Wahadzabe ni mizizi inayochimbwa na wanawake, matunda ya porini, ubuyu (ule ule ambao wana wetu huununua umetiwa rangi na sukari), na nyama na asali zinazoletwa na wanaume. Bibi mzee huchimba mizizi kwa ajili ya wajukuu, na wataalamu waliokaa nao wameona kwamba mama anapojifungua mtoto mchanga, yule mkubwa aliyeachishwa ziwa hunenepa au hukonda kwa kadiri ya bidii ya bibi. Hayo ya bibi hayatushangazi, bibi wa pwani ni yule yule. La kutazama ni jioni. Mwanamume aliyerudi na upinde wake hukaa chini karibu na moto, na mtoto mdogo humpanda. Hamwombi rukhusa. Humkalia magotini, humvuta sikio, hulala kifuani pake. Mtu hacheki, wala baba hajioni amepungukiwa na uanamume wake.

Mwaka 2009 wataalamu Martin Muller, Frank Marlowe na wenzao walitangaza utafiti walioufanya juu ya mambo haya haya huko Eyasi. Walipima mate ya wanaume wa Kihadzabe na ya jirani zao Wadatoga ili wajue kiasi cha homoni iitwayo testosteroni, ambayo pamoja na kazi zake nyingine humtia mwanamume hamu ya kushindana na wanaume wenziwe. Kwa Wahadzabe, ambao baba hushika watoto, walikuta akina baba wana homoni hiyo kidogo kuliko wanaume wasiokuwa na watoto. Kwa Wadatoga, ambao kazi ya kushika watoto wachanga ni ya wanawake na baba mara nyingi hula na kulala mbali nao, hawakuona tofauti baina ya aliye baba na asiye baba.

Usidhani nawatukana Wadatoga. Baba wa Kidatoga humlinda mwanawe kwa mkuki na humwachia ng'ombe, na wahunzi wao ndio wanaowafulia Wahadzabe vichwa vya mishale. Kusema kweli, katika habari hii ya baba, Wadatoga wanafanana na sisi kuliko Wahadzabe. Nilichokishika mimi katika utafiti ule ni kwamba mwili wa mwanamume una khabari na mtoto. Na asije mtu akasema kwamba labda wapole ndio wanaopenda kuzaa: mwaka 2011 ulitangazwa utafiti mwengine wa Ufilipino, uliowafuata vijana 624 kwa miaka minne na nusu, na ikaonekana kwamba homoni hiyo hushuka mtu anapokuwa baba, na kwamba hao wanaowashughulikia watoto wao kila siku kwa muda mrefu huwa nayo chini zaidi. Mwenyezi Mungu (S.W.) Ameuumba mwili wa baba uweze kulainika. Kumbe basi ule ugumu tunaojivunia si maumbile peke yake. Mwingi wake ni desturi tuliyoichagua.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu.

Ndugu yangu alifariki, Mwenyezi Mungu Amrehemu, akaacha mtoto wa kiume wa miaka minane, nami nikamchukua nyumbani. Maiti hasemwi ila kwa wema, na wema wa ndugu yangu ulikuwa mwingi: hakulala mtu na njaa katika nyumba yake, na mtoto alikuwa amefika mbali katika juzuu kuliko wenziwe. Ila mkono wake ulikuwa mzito, kama ulivyokuwa mkono wa baba yetu, na wa babu yetu kabla yake. Mtoto yule alikuwa na adabu ya kusifiwa mtaa mzima. Hakusema mpaka asemeshwe. Siku ya maziko watu walisema, "Mashaallah, mtoto mwanamume, hakulia." Miezi ikapita, na hakulia, wala hakucheka, wala hakuniomba kitu. Ukimwuliza, "Umeshiba?" atasema ndiyo. Ukimwuliza, "Una njaa?" atasema ndiyo vile vile.

Likizo ya Disemba nikafuatana naye Karatu. Siku ya mnada tulikuwa tukipita katikati ya mbuzi na mitumba, tukakutana na mzee wa Kimasai kutoka upande wa Ngorongoro, ambaye tumejuana kwa biashara. Wamasai wana desturi moja: mtoto akikutana na mtu mzima huinamisha kichwa, na mtu mzima humwekea kiganja utosini, ndipo salamu ziendelee. Kila mtu mzima humfanyia hivyo kila mtoto, awe wake au wa jirani. Basi mzee yule alinisalimu mimi, kisha akanyoosha mkono kumwekea mtoto kichwani.

Mtoto aliruka nyuma, akajikunyata, akafunika kichwa kwa mikono yake miwili. Hakupiga kelele. Alifumba macho, akangoja.

Mnada uliendelea na zogo lake, hapana aliyetutazama. Mzee hakuurudisha mkono kwake. Aliuteremsha chini, kiganja juu, akauacha pale kama anayemlambisha ndama chumvi. Kisha akanigeukia mimi, akauliza kwa Kiswahili chake cha taratibu, "Huyu, kichwa chake kinangojea nini?"

Nilimweleza kuwa ni yatima. Akasema ana wajukuu wa umri ule, lakini baba yao amehama nao kwenda Msomera, Handeni, kama zilivyohama familia nyingi za Ngorongoro tangu mwaka 2022. Yeye mwenyewe amebaki. "Vichwa vyao viko kwenu Tanga," akasema, "na mkono wangu uko hapa." Mtoto alikuwa amefumbua macho, anamsikiliza. Hakuugusa ule mkono, lakini hakukimbia.

Siku ya pili yake tulipata gari iliyokuwa ikipanda Ngorongoro, tukashuka mahali pa kutazamia, ukingoni. Asiyepaona hawezi kuelezwa akatosheka. Ni mlima wa moto ulioporomoka zamani za zamani, ukaacha bakuli lenye upana wa kilomita 19 hivi, na kutoka ukingoni hadi chini ni kiasi cha mita 600. Ukungu ulikuwa umelijaza. Ulipoanza kupasuka, vikaonekana vidoa vyeusi vinavyotembea, kumbe ni nyati. Mtoto alisimama nyuma yangu, mbali na ukingo. Baridi ilikuwa kali na upepo unavuma. Halafu nikahisi upindo wa koti langu umevutwa: ameushika. Sikugeuka, nikikhofu kuwa nikigeuka ataachia. Na alipokwisha kulishika lile koti, ndipo alipotoa kichwa, akapiga hatua moja mbele, na nyingine, akachungulia chini. Kisha akasema, "Ami, nani kalichimba?" Lilikuwa suali la kwanza kuniuliza tangu aingie nyumbani kwangu.

Nimelikumbuka sana jambo lile kwa sababu linaafikiana na utafiti wa jirani zetu wa Uganda. Mwaka 1954 na 1955 mtaalamu Mary Ainsworth alikwenda katika vijiji vya karibu na Kampala, akawa anazitembelea mara kwa mara nyumba 26 za Waganda, akitazama namna watoto wachanga wanavyoshikamana na mama zao. Kitabu chake kilitoka mwaka 1967, na elimu yote ya siku hizi juu ya mapenzi ya mtoto na mzazi imejengwa kwa sehemu kubwa juu ya yale aliyoyaona kwenye mikeka ya Uganda. Aliona kwamba mtoto mwenye hakika na mama yake ndiye aendaye mbali. Hutambaa akamwacha mama, akaenda akashika hiki na kile, akageuka nyuma kumtazama, akaendelea. Asiyekuwa na hakika hukaa palepale analia. Na hakika hiyo waliipata zaidi watoto ambao mama zao waliwajua undani: analialia vipi akiwa na njaa, na vipi akiwa na usingizi.

Kwetu twasema usimbembeleze mtoto, atadeka. Nadhani mambo ni kinyume. Aliyebembelezwa akashiba hutoka akaenda zake. Aliyenyimwa ndiye anayebaki akitafuta pa kushika, hata akiwa mtu mzima mwenye ndevu.

Naijua hoja yenu, kwani hata mimi nimelelewa nayo. Mchelea mwana kulia, hulia mwenyewe. Ni kweli, lakini methali ile inakuambia usiogope kilio cha mwana. Haikukuambia umtafutie cha kumliza. Na samaki hukunjwa angali mbichi kwa sababu akiwa mbichi hakuhitaji nguvu. Ukimwona mtu anamkunja samaki kwa kumpiga na jiwe, hajui kazi yake.

Wengine watanitolea hadithi ya Sala, kwamba Mtume (S.A.W.) ameamrisha watoto waamrishwe kusali wakiwa na miaka saba, na watiwe adabu kwa kuiacha wakiwa na miaka kumi. Hadithi hiyo naikubali kwa kichwa na macho. Ila wanaoitaja hupenda kuanza na kumi. Baina ya saba na kumi ni miaka mitatu, na katika kila siku mna Sala tano. Fanya hisabu, utakuta ni zaidi ya mara elfu tano za kumwita mtoto kwa ulimi kabla mkono haujatajwa. Na wanazuoni wakaweka masharti: asipigwe usoni, asitiwe alama, asipigwe na mtu aliyepandwa na hasira. Ni baba gani kati yetu aliyekwisha ita mara elfu tano kwa upole? Tunapiga kwa sababu ya glasi iliyovunjika, au kwa sababu duka halikuuza.

Wala jambo hili si la nyumba chache. Utafiti wa taifa uliofanywa Tanzania mwaka 2009 na kutangazwa mwaka 2011 ulionyesha kwamba karibu robo tatu ya vijana, wa kike na wa kiume, walidhuriwa kwa kipigo kabla ya kutimiza miaka 18. Robo tatu! Katika safu ya watoto wanne wanaokwenda chuoni na misahafu kifuani, ni watatu.

Ibn Khaldun, aliyefariki mwaka 1406, aliiona dawa hii mbaya mapema. Katika Muqaddima yake ameeleza kuwa aliyelelewa kwa ukali na kulazimishwa, roho yake hubanwa, uchangamfu wake huondoka, akawa mvivu, na akazoea uongo, kwani hudhihirisha yasiyokuwemo moyoni mwake kwa kuukhofu mkono ulio juu yake. Uongo huo mwishowe huwa ndiyo tabia yake. Mtoto wangu aliyekuwa akijibu "ndiyo" kwa shibe na "ndiyo" kwa njaa hakuwa mwongo kwa maumbile; alikuwa anatafuta jawabu isiyokuwa na kipigo.

Na juu ya yote hayo tunaye Mtume wetu (S.A.W.). Al-Aqra' bin Habis, mkubwa wa Banu Tamim, alimkuta akimbusu mjukuu wake Hasan, akastaajabu, akasema yeye ana watoto kumi na hajapata kumbusu hata mmoja. Alidhani anajisifu. Mtume (S.A.W.) akamtazama, akamjulisha kwamba asiyekuwa na huruma naye hatahurumiwa. Alisalisha watu huku amembeba mjukuu wake Umama, anamweka chini akisujudu na kumbeba tena akiinuka. Hayo ameyafanya mbele ya wanaume, msikitini, wala hakungoja afike ndani kwa wake zake. Na yule mtoto mdogo Abu Umair, ndugu yake Anas, alipofiwa na ndege wake, Mtume (S.A.W.), mwenye mzigo wa umma mzima, alikuwa na nafasi ya kumwuliza khabari za ndege. Hakumwambia mwanamume halii.

Tuliporudi Tanga mambo hayakubadilika kwa siku moja. Nilianza kumgusa mtoto kichwa kila asubuhi anapotoka, kwa kumwambia kwanza, "Naleta mkono," ili auone unakuja. Wiki za mwanzo alikuwa akikaza shingo. Mama yangu, ambaye ni bibi yake, hakupendezwa. "Utamharibu," aliniambia, "baba yako hakukufanyia hayo na umekuwa mtu." Nikamjibu kwamba baba yangu nilimkhofu mpaka siku anakufa, na kuna mambo mengi nilitamani kumwuliza. Mama akanyamaza, akaendelea kuchambua mchele. Tangu hapo ile kauli ya "ngoja baba'ko" sijaisikia nyumbani kwetu, ingawa sikumwomba mtu aiache. Bado usiku mtoto akisikia mlango umegongwa kwa nguvu hufunika kichwa usingizini.

Mwezi uliopita nilikuwa barazani baada ya Alasiri, nimekaa na wenzangu. Akatoka ndani peke yake, akasimama mbele yangu, mbele ya wazee wote wale, miguu inamtetemeka.

"Ami, nimevunja chupa ya chai."

Nikamwuliza kama amejikata. Akatazama vidole vyake kimoja kimoja, akasema hapana. Nikamwambia asiende jikoni bila viatu mpaka vigae viokotwe. Jumamosi tulikwenda sokoni kununua nyingine, akaichagua yeye, ya maua mekundu, akaibeba mwenyewe mpaka nyumbani.